Nimefunga siku 40, mbona kimya?

SWALI: Shikamoo Baba Mchungaji. Mimi ni mwanaume wa miaka 46, mzaliwa wa Old Moshi, nina duka la vipuri hapa Arusha. Tangu Januari namtafuta Mungu kwa bidii. Nimefunga siku 40, kuanzia alfajiri hadi saa 12 jioni, ingawa nina vidonda vya tumbo. Siachi mkesha wa Ijumaa, naamka saa 9 usiku na kuomba saa nzima, zaka yangu haijawahi kupungua. Lakini kila nikipiga magoti naona kama naongea na dari. Mke wangu anasema nina kiburi, sijui amekitoa wapi. Kuna pia jambo dogo la nyumbani: mdogo wangu hanisemeshi tangu tumzike mama. Anadai masale, ile mimea ya mpaka wetu, yalisogezwa vijana wangu walipokuwa wanasafisha shamba. Hilo ni la kifamilia, si la kiroho, nimelitaja ulijue tu. Naomba unifundishe: mtu anajinyenyekezaje na kutubu hadi Mungu amsikie? Na ni saa ipi nzuri zaidi ya kuomba?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Nimepigia mstari kila palipo na namba: siku 40, saa 12, saa 9, saa nzima. Uko makini na hesabu, kama inavyompasa mwenye duka la vipuri. Halafu nikafika kwenye masale, na hapo namba zimekwisha. Yalisogea hatua ngapi? Hukuandika.

Nitarudi hapo. Kwanza tumbo, maana tumbo halisubiri. Acha kufunga kwa mtindo huo, leo hii, hadi uzungumze na daktari. Mwenye vidonda, mwenye kisukari, mjamzito, anayekunywa dawa kila siku, hao wote hawaingii kwenye mfungo kwa kusikia tangazo kanisani. Daktari akisema hapana, ni hapana, na Mungu hatakuhesabia deni. Ukitaka kufunga kitu, upo mfungo wa ulimi. Hauumizi tumbo hata kidogo, na mkeo ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua umeanza.

La pili, kabla hujakimbilia kwa mtu wa kukuwekea mikono. Mbingu kukaa kimya si lazima iwe ni dhambi. Ayubu alinyamaziwa, naye alikuwa mkamilifu. Mwimbaji wa Zaburi ya 13 anauliza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na hakuna mahali katika zaburi ile anapoambiwa kwamba ana kosa alilolificha. Wapo waombaji wazuri sana waliokaa miaka wakiongea na dari, wakazidi kuongea. Kwa hiyo mtu akikusikiliza dakika tano tu kisha akakutangazia kuwa una laana ya ukoo, na mafuta ya kuiondoa anayo yeye, tena yana bei, mshukuru uende zako. Mimi nisingethubutu kukuambia kwamba ukimya wako una sababu, kama sababu yenyewe usingeiandika kwa mkono wako. Umeiweka kwenye sentensi tatu, karibu na mwisho, ukaifunika kwa "nimelitaja ulijue tu". Katika miaka yangu ya uchungaji nimejifunza kwamba mtu akisema "kwa kupita tu, Mchungaji", hapo ndipo ninapovuta kiti.

Wewe unataka kuutafuta uso wa Mungu. Wazee wetu walijua maana ya kuutafuta uso wa mkubwa. Mtu aliyekwenda kwa Mangi, mtawala wa Wachaga, alikwenda na shauri lake, lakini akishafika pale hakuwa na mamlaka ya kumwambia Mangi, "Tuzungumze hili, lile liache." Mangi angeweza kuanza na lile uliloliacha nyumbani makusudi. Naona wewe umekwenda mbele za Mungu na ajenda iliyochapwa, masale umeyaandika chini kwenye "mengineyo", halafu unashangaa kikao hakianzi.

Mstari ninaoamini umeusikia mara nyingi katika mikesha hiyo ni 2 Nyakati 7:14. "Ikiwa watu wangu, walioitwa kwa jina langu, watajinyenyekesha, na kuomba, na kunitafuta uso wangu, na kuziacha njia zao mbaya, basi, nitasikia toka mbinguni." Hesabu vitendo, kwa kuwa unapenda hesabu. Viko vinne. Ni maneno aliyoambiwa Sulemani usiku, baada ya kuliweka wakfu hekalu, na mstari wa 13 unataja mbingu zilizofungwa pasiwe na mvua, nzige na tauni. Sisi tumekuwa hodari wa vitendo vitatu vya kwanza. Tunavipa jina, tunavipangia siku, tunavitangaza kwa spika. Kile cha nne hakina mkesha wake. Sijawahi kuona tangazo limebandikwa getini: "Ijumaa hii, saa 3 usiku, kuziacha njia mbaya."

Sasa nikupeleke kwa mtu anayefanana na wewe kuliko ungependa. Ni mfalme Ahabu, katika 1 Wafalme 21. Jirani yake Nabothi, Myezreeli, alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme. Ahabu akalitaka alifanye bustani ya mboga. Hakuanza kwa ubaya, aliahidi shamba lingine zuri zaidi, au fedha taslimu. Nabothi akakataa kwa maneno ambayo Mchaga yeyote anayaelewa bila mkalimani: "Bwana apishe mbali, nikupe wewe urithi wa baba zangu." Kilikuwa kihamba, shamba la urithi wa ukoo. Kihamba hakinunuliwi kwa kuwa jirani ana hamu ya mboga. Mfalme akaenda kulala, akageuza uso, akasusa chakula. Mkewe Yezebeli akamwambia amka ule, hilo niachie mimi. Akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, na agizo la kwanza kabisa katika barua zile lilikuwa nini? Watu wapigiwe mbiu ya kufunga. Katika mfungo ule ule Nabothi akakalishwa mbele ya watu, akasingiziwa, akapigwa mawe nje ya mji. Ahabu akateremka kulimiliki shamba. Yeye binafsi hakumgusa Nabothi. Vijana wake ndio waliosafisha.

Eliya hakumsubiri hekaluni. Alimkuta shambani, juu ya udongo wenyewe. Ahabu aliposikia neno la Bwana alirarua mavazi, akavaa magunia, akafunga, akalala katika magunia, akawa anakwenda polepole. Na hapa ndipo napenda ukae kidogo, maana wahubiri wengi tunapapita mbio: Mungu aliuona unyenyekevu ule. Alimwuliza Eliya kama ameona jinsi Ahabu anavyojidhili. Mungu si mchoyo, hata mfungo wa Ahabu aliuhesabu. Lakini aliahirisha tu msiba, hakuufuta, akasema utakuja siku za mwanawe. Soma sura ile yote, kisha soma inayofuata, utafute mahali palipoandikwa kwamba Ahabu aliwarudishia watu wa Nabothi shamba lao. Hutapaona. Alifunga huku shamba liko mkononi. Katika 2 Wafalme 9, mwanawe Yoramu anauawa na Yehu na mwili wake unatupwa wapi? Katika kiwanja cha Nabothi. Mfungo wa baba ulisogeza tarehe, mpaka wa shamba ukabaki pale pale ulipopelekwa.

Sikufananishi na muuaji, usinielewe vibaya. Nakufananisha na mtu aliyejinyenyekeza kila mahali isipokuwa pale alipokosea.

Neno letu toba tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kurudi. Manabii wa Kiebrania nao walitumia neno la kawaida kabisa la mtu anayegeuka njiani na kurudi nyumbani. Wagiriki wa Agano Jipya wakaongeza habari ya kugeuza nia. Ukiunganisha yote, toba ni safari yenye kituo cha kushukia. Majuto peke yake ni kukaa stendi ukilia huku gari linaondoka. Luther, katika hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za mwaka 1517, alisema kwamba Kristo alipohubiri "Tubuni" alitaka maisha yote ya waaminio yawe toba. Sisi Walutheri tunaipenda sana hoja hiyo, na kila Jumapili tunaungama mapema ibadani, wote pamoja, kwa maneno yaliyoandikwa. Ni jambo jema. Hatari yake ni kwamba unaweza kuungama "mawazo, maneno na matendo" miaka 30 bila kutaja tendo hata moja.

Zakayo alitaja. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko, mtu wa hesabu kama wewe, na toba yake ina tarakimu: nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyemnyang'anya, mara nne. Sheria katika Hesabu 5 ilimtaka aliyekosa aungame, arudishe kamili, aongeze sehemu ya tano. Mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi aliyechinja au kuuza kondoo wa watu. Zakayo alijihukumu kwa kifungu kikali zaidi, wala hakuna aliyemwomba. Kwa hesabu ya Musa, ikiwa masale yenu yalisogea hatua 5, zinarudi 6. Naona umeshaanza kupiga hesabu.

Nikusimulie lililotokea kwetu, nami nikiwa darasa la tano. Maji ya mfereji tulikuwa tunayapata kwa zamu. Usiku mmoja wa kiangazi baba yangu aliamka, akaenda banioni, pale maji yanapogawiwa, akazibua tope na vigogo vya migomba vilivyokuwa vimeelekeza maji kwa jirani, akayaleta kwetu. Zamu haikuwa yake. Asubuhi jirani alikuta kitalu chake cha kahawa kimekauka, akapiga kelele njiani. Baba akajibu kwamba maji yana miguu. Wiki tatu hawakusalimiana. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kila jioni alituongoza sala baada ya chakula, sala ndefu, nzuri, sisi watoto tukisinzia mpaka tusikie Amina. Jioni moja akamaliza sala, sisi tukaitikia, mama hakuitikia. Alikuwa amekaa karibu na mafiga, anachokoa moto. Baba akamtazama. Mama akasema, "Hiyo ya leo sikuisikia vizuri."

Alfajiri baba alikata jani la isale kwenye ua wetu. Nilimfuata nimebeba jembe, sikujua tunakwenda wapi. Alipofika kwa jirani hakuingia. Alisimama nje, jani amelishika kwa mikono miwili, suruali imelowa umande hadi magotini. Jirani alikuwa anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Aliliona lile jani, akaendelea kukata. Panga likapanda na kushuka mara nyingi sana, mimi nilihesabu hadi 20 nikachoka. Baba akasema sentensi moja: "Usiku ule ni mimi." Hakusema "kama nilikukosea". Hakutaja kiangazi kilivyokuwa kikali. Panga likawekwa chini. Zamu mbili zilizofuata za maji yetu zilikwenda kwa jirani, na jembe nililobeba ndilo lililoyaelekeza.

Unajua vizuri mila hiyo, mwanangu, kwa kuwa umekulia huko huko. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, na mapadre wa Kikatoliki waliowatangulia Kilema mwaka 1891, walikuta isale lina kazi yake tayari: anayeomba radhi analibeba, na anayeletewa si rahisi alikatae. Ni mmea uleule tunaopanda mpakani. Unauchomeka tu, unashika, misimu miwili ikipita hakuna mgeni atakayejua kama ulikuwa hapo zamani au umeletwa juzi. Hilo nalo unalijua.

Kwa hiyo, la kifamilia na la kiroho. Sijui nani aliyekufundisha kuyatenga. Torati inalo agizo la kutoondoa mpaka wa jirani, Kumbukumbu 19:14, na katika sura ya 27 Walawi wanatangaza kwa sauti kuu, "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake," kisha watu wote wanaitikia Amina. Masale yako yamo kwenye liturujia, mwanangu. Naye Yesu, katika Mathayo 5, anamsimamisha mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka mkononi, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake. Anamwambia aiache sadaka pale, aende kwanza. Ona: hasemi "ukikumbuka kuwa una neno juu ya ndugu yako". Inatosha kwamba ndugu yako ana neno.

Kuhusu kiburi. Mkeo hakukitoa popote, amekiona. Yule Farisayo wa Luka 18 alisema, "Mimi nafunga mara mbili kwa juma, hutoa zaka katika mapato yangu yote," na yote yalikuwa kweli, kama yalivyo yako. Mtoza ushuru alikuwa na maneno machache tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," na akashuka kwake amehesabiwa haki. Mimi mwenyewe niliwahi kuhubiri miezi minane nikiwa sisemi na mzee mmoja wa usharika. Nilikuwa nimemtuhumu mbele ya kikao kuhusu fedha za sadaka ya mavuno, na fedha zikaonekana, ziliandikwa ukurasa mwingine tu. Watu walisema mahubiri yangu ya mwaka ule yalikuwa na moto. Mke wangu peke yake ndiye hakuyasifia. Petro, katika waraka wake wa kwanza, 3:7, anawaonya waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, kusudi kuomba kwao kusizuiliwe. Basi leo jioni muulize mama watoto swali moja: "Kiburi changu unakiona wapi?" Kisha ule mfungo wa ulimi uanzie hapo. Usimkatize. Akimaliza, usieleze.

Jinsi ya kuomba katika siku hizi chache: fupi. Zaburi 139, mistari miwili ya mwisho, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu," halafu ukae kimya dakika 10 na karatasi. Andika kinachokuja, kwa majina na kwa namba. Usiandike "ubinafsi" wala "udhaifu wa mwili". Andika hatua ngapi.

Sasa, huenda ni kweli kwamba vijana walisogeza bila wewe kujua. Sawa. Lakini tangu mdogo wako aseme, umekwenda kupima? Vijana wako ni mkono wako. Na kama ulijua, hata kama ulijua nusu nusu tu, ulipita ukaona ukanyamaza, mwambie hivyo hivyo, kwa sentensi fupi. Mnaye mzee wa ukoo anayekumbuka masale ya zamani yalipokuwa, mwite awe shahidi. Usiende na mchungaji, usiende na mpima ardhi, na Baraza la Kata halina kazi hapa, hujashitakiwa. Usingoje Desemba watu wote wakirudi mlimani, ukaifanya iwe sherehe ya kukusifu wewe.

Inawezekana atakataa. Mtu aliyezika mama yake na kupoteza kipande cha kihamba katika msimu mmoja ana haki ya kuwa na hasira ndefu. Paulo alijua hilo, ndiyo maana aliandika, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wenu. Masale unaweza kuyarudisha hata kama hajakufungulia mlango. Yarudishe, na kipande cha ziada, uondoke, na mwezi unaofuata upite tena kumsalimu. Wala usiende ukidhani kwamba ukirudisha mpaka, Mungu sasa amekuwa mdeni wako na lazima aseme. Huenda ukapiga magoti usiku ule na dari likawa dari bado. Msamaha wa Kristo haununuliwi kwa migomba, ulikwishalipiwa msalabani, na ndiyo sababu unaweza kwenda bila kuogopa kuonekana mkosaji.

Umeuliza saa ipi nzuri zaidi ya kuomba. Kwa mwenye vidonda vya tumbo asiyelala vizuri, saa 9 usiku siipendi. Lala mpaka saa 11 alfajiri. Magari ya Moshi huanza kuondoka stendi mapema hivyo hivyo. Chukua kiti cha dirishani, njia ni ya kilometa 80 hivi, unaweza kuomba mpaka ufike. Jani usilinunue wala usiombe la watu. Likate kwenye masale yale yaliyosogea.